Siku Kadhi Harithi Alipongoja Jibu

Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi wa Shaabani, katika mwaka wa tatu wa ukame, birika la msikiti wa Hazwa lilikutwa karibu tupu. Ndivyo wanavyosimulia waliopokea khabari za mji huo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Hazwa ulikuwa mji wa juu ya jabali. Haukuwa na mto wala kisima. Watu wake walikinga maji ya mvua wakayahifadhi katika birika hilo, wakanywa humo na kutawadhia humo kwa kata, na chemchemi ya karibu ilikuwa chini bondeni, safari ya kutwa nzima kwa punda kwenda na kurudi. Chini ya birika palikuwa na tundu la kutolea maji siku ya kusafisha. Tundu lilizibwa kwa kizibo cha mti kilichozungushiwa kitambaa, nacho kikafungwa kamba iliyopanda hadi ukingoni.

Aliyegundua msiba huo ni Utba, msimamizi wa msikiti. Alipoinua taa yake alimwona mtu amechuchumaa ndani ya birika, nguo zimemlowa, mkono wake umekigandamiza kizibo. Mtu huyo alikuwa Wahbi, mwana wa mjane aitwaye Bibi Rubaba.

Wahbi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakumtazama mtu machoni. Sauti kubwa zilimuumiza; adhana ikianza aliziba masikio, na watu wakasema anaichukia. Salamu aliitikia, ila kwa wakati wake, pengine aliyemsalimu ameshafika mwisho wa njia. Katika swala alivuma kwa koo kama nyuki, na kwa sababu hiyo Utba alimtoa safuni akamweka nje, penye viatu. Watu walimwita punguani. Mama yake hakuwahi kumwita hivyo.

Baada ya swala ya adhuhuri Wahbi alifikishwa mbele ya Kadhi Harithi bin Nufaili. Kadhi huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alijulikana kwa ibada na kwa uadilifu. Kwa miaka yote aliyokaa barazani, hapakutokea mtu wa kusema kwamba ameonewa naye. Siku hiyo uwanja ulijaa watu wasiokunywa maji tangu asubuhi.

Utba alitaka jambo moja tu: Wahbi apelekwe Sidra, katika nyumba ya wendawazimu. Msafara wa ngamia wa kwenda huko ulikuwa ukipakia mizigo langoni na ungeondoka alasiri ikiingia. Katika nyumba ile wagonjwa walifungwa minyororo ukutani, na katika waliopelekwa kutoka Hazwa hakuna aliyerudi. Kamba ya kumfungia Wahbi njiani ilikuwa tayari begani mwa Utba.

"Una ushahidi gani, Utba?" akauliza Kadhi.

"Macho yangu, Sheikh. Nimemkuta ameshika kizibo."

"Ulimwona akikitoa?"

"Kukitoa sikumwona. Lakini mtu akikutwa na kisu, na mbuzi amelala kachinjwa, Sheikh, humwulizi kama anapenda nyama."

Watu walicheka, kicheko cha midomo mikavu.

Sheria ni kwamba mdai alete ushahidi na mwenye kukana ale kiapo. Desturi ya baraza la Hazwa iliongeza kwamba swali huulizwa mara tatu, na anyamazaye mara zote tatu huwa amejihukumu mwenyewe. Kadhi Harithi alimgeukia Wahbi.

"Wahbi, sema: Wallahi sikukigusa kizibo."

"Nimekigusa," Wahbi alijibu papo hapo.

Uwanja ulivuma. "Amekiri," walisema watu, na Utba akaishusha kamba mkononi. Kadhi naye aliona hukumu imejileta yenyewe. Hata hivyo aliuliza, kwa kutimiza wajibu:

"Kwa nini ulikigusa?"

Wahbi alinyamaza. Kadhi aliuliza mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Wahbi aliziba masikio, akaanza kuyumba mbele na nyuma pale alipoketi.

"Anatafuta uongo," mtu mmoja akasema.

"Uongo nao unataka akili," mwingine akamjibu.

Kadhi alivuta pumzi ili aulize mara ya tatu. Hapo Bibi Rubaba alisimama upande wa wanawake.

"Sheikh, nakuomba usiulize tena."

"Ni desturi ya baraza, Bibi Rubaba. Ni mara tatu."

"Swali lako la kwanza alikuwa analijibu. Ulipouliza tena, akarudi mwanzo. Mwanangu ni kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji, Sheikh. Kila akikaribia juu mnampigia kelele, yanamwagika, anashuka kuteka upya."

"Mbona lile la kiapo alilijibu mbio?" akauliza Utba.

"Lile lilikuwa jepesi. Aliulizwa kama amegusa, naye amegusa. Na wewe Utba umemsimamia na kamba, akaona kamba, akasema kweli. Ningependa kujua ni wangapi hapa wangekiacha kiapo kile kipite bila kukila."



"Unataka nini, Bibi?" akauliza Kadhi.

"Watu wanyamaze, wasimkodolee macho. Wewe ukae ubavuni mwake, si mbele yake. Umwulize mara moja, polepole. Kisha ungoje."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka ajibu."

Kadhi Harithi aliwatazama watu wake. Aliwaona wamechoka, na aliona ghadhabu yao haikuwa mbali na kumgeukia yeye. Desturi ya mara tatu aliifundishwa na mwalimu wake, naye mwalimu wake aliifundishwa na aliyemtangulia. Akajiuliza iliwekwa kwa ajili gani. Iliwekwa ili mtu asihukumiwe kwa haraka. Ikiwa sasa mara tatu hizo ndizo haraka yenyewe, basi amebaki na hesabu, haki imeondoka.

Alishuka kutoka kwenye zulia lake. Aliwaamuru watu warudi nyuma hadi ukutani na wainamishe macho, akaketi kando ya Wahbi, wote wawili wakiuelekea ukuta mmoja.

"Wahbi," akasema kwa sauti ya chini, "ulipokigusa kizibo, ulikifanya nini?"

Kisha akangoja.

Hapakuwa na sauti ila ya ngamia langoni. Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamtoa nje. Wahbi aliendelea kuyumba. Kivuli cha nguzo kilifika ukingo wa mkeka, kikaupita. Utba aliihamisha kamba kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kadhi alihisi ulimi wake umekauka, na swali likamjia mdomoni mara kadhaa, tayari kutoka. Kila mara alilimeza. Alikuwa mtu wa kukesha akiswali bila kuchoka, na kumbe kukaa kimya kando ya mja mmoja wa Mungu kulimwelemea kuliko mikesha yote.

Wahbi aliacha kuyumba. Aliondoa mikono masikioni, akawa anapapasa ukindu wa mkeka kwa kidole.

"Maji yalikuwa yanatoka," akasema, chini sana. "Sauti yake mbaya. Nikakirudisha."

Kadhi alifumba macho, akamhimidi Mola wake. Hapakuwa na mwingine aliyesikia. Watu walikuwa mbali, na Bibi Rubaba pia.

"Nani alikitoa?" akauliza.

Akangoja tena. Langoni waongoza ngamia walianza kuitana. Mwadhini alitoka akasimama chini ya mnara, akilitazama jua.

"Sheikh, msafara unaondoka," akasema Utba. Kadhi aliinua mkono kumnyamazisha.

"Bakora," akasema Wahbi. "Ilianguka majini. Ukaivuta. Kamba ikaja nayo."

Kadhi Harithi hakusogea. Ilikuwa kweli. Alfajiri ile alifika msikitini kabla ya watu wote, kama kawaida yake, akaegemeza bakora yake birikani ili atawadhe, ikateleza ikatumbukia kichwa chini. Aliivuta kwa haraka, kwa kuwa alitaka kuwahi rakaa zake za sunna. Ilikuwa nzito kutoka. Mpini wake uliopinda ulinasa kitu, naye akakivuta kwa nguvu hadi kikaachia. Alisikia maji yakichuruzika, akadhani ni ya mikono yake mwenyewe. Tena alikumbuka jambo jingine. Alimwona mtu ameketi gizani kando ya ukuta, akajua ni Wahbi, akapita bila kumpa salamu. Alimzoea hivyo. Mtu asiyejibu upesi, kwake yeye, alikuwa kama mtu asiyekuwapo.

"Kasemaje, Sheikh?" Utba aliuliza kutoka ukutani.

Jibu moja lilikuwa tayari: anasema alikirudisha kizibo. Lilikuwa jibu la kweli. Lingemwokoa Wahbi, na maji yaliyopotea yangehesabiwa kuwa kadari. Heshima ya Kadhi ingebaki, na baraza lingeendelea kumwamini. Wahbi asingemkanusha, maana hakuna ambaye angemwuliza tena. Ibilisi hamjii mcha Mungu kwa uongo mtupu. Humletea nusu ya ukweli, akamwambia hiyo inatosha.

Kadhi alimtazama mtu aliyeketi kando yake. Mtu huyu aliambiwa aseme maneno machache aokoke, na hakuyasema kwa sababu hayakuwa kweli.

Akasimama.

"Anasema kizibo alikirudisha. Maji yaliyobaki yamebaki kwa sababu yake," akasema. "Na anasema aliyekitoa ni mimi."

"Sheikh, huruma isikufikishe huko," akasema Utba. "Kila mtu hapa anajua unamsitiri."

Minong'ono ya kumkubali Utba ilipita uwanjani. Kadhi aliona hawatamwamini kwa maneno, na kwamba wakiondoka na shaka hiyo, watamrudia Wahbi siku nyingine. Basi akala kiapo ambacho hakuna aliyemtaka akile.

"Wallahi, bakora yangu ilianguka birikani, nikaivuta, ikatoka na kamba ya kizibo. Sikujua nilichofanya. Wahbi alijua, nasi tulikuwa tukimpigia kelele asiweze kusema. Dai lako liko palepale, Utba. Aliyebadilika ni mdaiwa."

Hakurudi kwenye zulia la kadhi. Alibaki pale pa washtakiwa, akawaomba wazee wa mji wamhukumu.

"Kamba ipo," mtu mmoja alisema kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka. Utba aliitazama kamba mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenziwe, akaiweka chini. Adhana ya alasiri ilipigwa, na watu wakasikia ngamia wakiteremka mlima.

Wazee walihukumu kwamba Kadhi ateke maji chemchemini kwa punda wake na kwa mikono yake, ayalete birikani mpaka Mwenyezi Mungu alete mvua. Aliridhika na hukumu.

Baada ya swala alimwendea Bibi Rubaba kumwomba radhi.

"Mimi hukunikosea," akasema Bibi Rubaba. "Mwombe mwenyewe."

Kadhi akamwomba Wahbi radhi, akangoja, na safari hii hakuna aliyemhimiza.

"Uliniona," Wahbi akasema hatimaye. "Hukunisalimu."

"Ni kweli. Assalamu alaikum, Wahbi."

Akasimama hapo mpaka salamu ikarudi.

"Na mimi nina haja yangu, Sheikh," akasema Bibi Rubaba. "Nataka mwanangu aswali ndani."

"Na kule kuvuma kwake?" Utba akauliza.

"Ndani mna wanaokohoa na wanaopiga chafya, Utba. Yupo hata anayekoroma katika khutba, nawe humtoi."

Utba alikuwa na jamaa yake mwenye sifa hiyo. Akasema kwamba penye nguzo ya kushoto, mbali na mlango wa mnara, adhana haisikiki kwa ukali. Wahbi akapewa mahali hapo.

Ndugu zangu, Mola wetu hakuwaumba waja wake kwa mwendo mmoja. Yupo ambaye jibu lake liko kwenye ncha ya ulimi, na yupo ambaye jibu lake latoka mbali. Anayeondoka kabla halijafika asiseme kwamba hakujibiwa. Tumezoea kuwaambia wasubiri wale wenye mitihani ya mwili na ya akili, na aghalabu subira iliyokosekana ni yetu. Kadhi Harithi alitahiniwa mara mbili katika mchana mmoja, kwa kungoja na kwa kusema kweli, na la pili asingelifikia kama lile la kwanza lingemshinda.

Tangu siku hiyo baraza la Hazwa liliacha kuhesabu mara tatu. Aliyehitaji muda alipewa muda, na aliyeumizwa na kelele alisikilizwa faraghani. Mvua ilinyesha mwishoni mwa Ramadhani. Msafara wa Sidra ulipita tena mwezi wa Shawwali, ukapakia ngozi na samli, ukaondoka. Haukuchukua mtu.