Shahidi Aliyebaki Mjini

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mabonde ya Yemeni palikuwa na mji ulioishi kwa chemchemi moja. Chemchemi hiyo iliwekwa wakfu na mwanamke mwema aliyeitwa Ghaliya, ili anywe kila mwenye kiu, mkazi na mpita njia, hadi Siku ya Kiyama. Watu wa mji walikuwa na desturi yao: kila aliyekunywa pale, alipofuta midomo alisema, "Mola amrehemu Ghaliya." Hata watoto wasiojua Ghaliya alikuwa nani walisema hivyo.

Kisha akaja amiri mmoja kuutawala mji ule, na mambo yakaharibika. Hayakuharibika kwa siku moja. Mwanzo alilitamani shamba la yatima, akatafuta watu wa kushuhudia kwamba marehemu baba wa mtoto alimuuzia. Akawapata. Watu wa mji walipoona mashahidi wale wamerudi makwao wakiswaga kondoo wa zawadi, na wala hakuna radi iliyowapiga, nao wakajifunza. Aliyetaka mpaka wa jirani usogee alitafuta shahidi. Aliyetaka kukana mahari alitafuta shahidi. Ikafika mashahidi wakawa wanakaa mlangoni pa mahakama kama wachukuzi wanavyokaa sokoni, wakingoja kuitwa. Kadhi wa wakati huo alikuwa mtu wa amiri, akawapokea wote.

Mji huo ulikuwa na mzee mmoja, jina lake Junada, mfuga nyuki. Yeye alikuwa akimwambia mnunuzi, kabla hajaulizwa, "Mtungi huu ni asali ya mkunazi. Ule pale usinunue kwa bei hiyo, mwaka huu maua yalikuwa haba na nyuki niliwalisha tende." Watu walimcheka kwa biashara yake hiyo, lakini walipotaka dawa ya mgonjwa walikwenda kwake.

Amiri alipokwisha kuyala mashamba, akaitamani chemchemi. Alitaka kuizungushia ukuta na kuyavuta maji yake hadi kwenye bustani zake. Mwana wa pekee wa Junada, kijana aliyeitwa Usaidi, akasimama sokoni akasema, "Maji haya ni wakfu. Hayana wa kuyauza wala wa kuyanunua." Alisema maneno hayo tu. Jioni hakurudi nyumbani. Amiri akatangaza kwamba kijana amefuatana na msafara kwenda pwani. Lakini wazazi wake waliletewa kilemba chake kwa siri, pamoja na ujumbe: "Yuko hai, yuko ngomeni. Mkimtaja kwa yeyote, hamtamwona."

Wakanyamaza, wakashika subira, na mama yake, Rumaitha, akawa anakilaza kilemba kile juu ya mto wa kulalia wa mwanawe.

Katika hali hiyo kadhi wa zamani akafariki, na Sultani akamleta kadhi mpya, Sheikh Mundhiri, mtu mcha Mungu asiyejulikana na yeyote pale. Amiri hakuona tofauti. Akapeleka madai kwamba chemchemi ile babu yake aliinunua kwa Ghaliya kabla haijawekwa wakfu, na nyuma yake wakafuatana mashahidi mlolongo.

Kadhi Mundhiri akasema, "Karibuni. Lakini simpokei shahidi mpaka niulize majirani zake kama ni mwadilifu."

Wa kwanza alikuwa Kulaibu, shahidi mashuhuri kuliko wote, mtu wa kutumwa na amiri. Akaitwa jirani yake.

"Unamjua Kulaibu?"

"Namjua vizuri, sheikh. Alishuhudia kwamba mimi nimekufa, ndugu yangu apate kurithi."

"Nawe ulifanya nini?"

"Nilikuja hapa hapa kukana. Nikaambiwa ushahidi wa maiti haukubaliwi."

Watu wakacheka, na Kulaibu mwenyewe akacheka. Akaja wa pili, jirani zake wakasema alishuhudia ngamia ni ng'ombe. Akaja wa tatu, akakataliwa na mama yake mzazi. Hadi adhuhuri hakubaki hata mmoja. Ndugu zangu, tazameni ajabu ya jambo hili: amiri alikuwa ameununua ulimi wa kila mtu katika mji ule, na siku alipohitaji ulimi mmoja unaosadikiwa, hakuwa nao.

Kadhi akawageukia watu. "Hakuna hata mtu mmoja mnayemwamini?"

Wakajibu kwa sauti moja, "Mzee Junada."

"Basi," akasema kadhi, "akishuhudia Junada, kisha mwenye kudai akala kiapo, nitahukumu. Tutakutana kesho."

Amiri hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye mizinga ya nyuki, akakaa juu ya jiwe.

"Mzee Junada, wewe ulikuwapo Ghaliya alipoiweka wakfu."

"Nilikuwapo. Nilikuwa kijana, nilibeba mawe ya kujengea birika."

"Walioona wote wamekwisha kufa ila wewe, na wewe uko njiani. Sema kwamba babu yangu aliinunua, na Usaidi atakula chakula cha usiku kwa mama yake. Mnang'ang'ania nini? Watakaozaliwa watakuta ukuta, watadhani ulikuwapo tangu enzi za Adamu."

Junada akasema, "Ewe amiri, mtu nikimdhulumu leo naweza kumwendea nikamwomba radhi. Mwenye mali hii bado hajazaliwa. Nitamwomba radhi wapi?"

"Muombe mkeo radhi kwanza," akasema amiri, akaondoka.

Junada alipofika nyumbani akamweleza Rumaitha yote. Rumaitha akaweka chini sahani ya mkate.

"Sema wanavyotaka, Baba Usaidi. Mola ni Mwingi wa kusamehe."

"Na watu wa baadaye?"

"Unawaonea huruma wana wa watu wasiozaliwa. Mimi wangu nimemzaa. Nilimnyonyesha kwa titi hili."

Rumaitha akajitwika mtungi wake akatoka, maana hakutaka kulia mbele ya mumewe.

Pale chemchemini alimkuta mtoto mdogo wa kike anakunywa kwa viganja. Mtoto akafuta midomo, akasema, "Mola amrehemu Ghaliya." Kisha akamtazama.

"Bibi, Ghaliya ni nani?"

"Alikuwa mwanamke wa hapa, mwanangu. Alikufa kabla bibi yako hajaolewa."

"Alikuwa na watoto?"

Rumaitha akataka kusema hapana, kwa kuwa Ghaliya alikuwa tasa na jambo hilo lilijulikana. Lakini akamtazama mtoto yule, maji yanamchuruzika kwenye kidevu, akasema, "Anao."

Akarudi nyumbani na mtungi mtupu. Akamwambia mumewe, "Mwanetu ameingia shimoni kwa kusema neno moja la kweli. Tukilikana neno lile ndipo atoke, tutakuwa tumemtoa nani? Nenda ukaseme kweli. Na mimi nitakuja, nisimame pale utakaponiona."

Siku ya pili mahakama ilijaa hadi barazani. Amiri alikaa mbele kwa kujiamini, maana hakuwahi kumwona mzazi akishindana na jambo kama lile. Junada akaletwa.

"Mzee Junada," akasema kadhi, "una ushahidi gani?"

"Kabla ya ushahidi, sheikh, nina aibu moja nataka kuifunua. Sheria inasemaje juu ya shahidi ambaye akishuhudia atapata faida?"

"Ushahidi wake haupokelewi."

"Basi wangu usiupokee kwa upande wa amiri, hata kama ulimi wangu ungeteleza. Mwanangu yuko ngomeni kwake, na nimeahidiwa nikisema uongo ataachiliwa. Ama ukweli, huu hauna faida yoyote kwangu, una hasara tu. Chemchemi ile haikuuzwa. Ghaliya aliiweka wakfu mbele ya macho yangu, na mawe ya birika niliyabeba kwa mabega haya."

Amiri akatabasamu. "Mzee amezeeka, sheikh, msameheni. Kijana yuko pwani. Na alipofika kadhi huyu mimi mwenyewe nilimfungulia magereza yote akawakagua wafungwa. Kulikuwa na Usaidi?"

"Hakuwapo," kadhi akakiri.

Rumaitha akapita katikati ya wanaume, akakiweka kilemba cha mwanawe mbele ya kadhi. "Hiki kilirudi peke yake kutoka pwani? Muulize aliyekileta."

Akamnyooshea kidole Kulaibu, na macho yote yakamwendea. Akasimama polepole. Hapo watu wakaanza kumcheka, mmoja akasema, "Haya, leo nani amekufa?"

Kulaibu hakucheka. Akasema, "Mnacheka, na mna haki. Ushahidi wangu haufai, sheikh, naijua thamani yake kuliko nyinyi nyote. Kwa hiyo sishuhudii. Naonyesha njia tu. Nifuateni, mkaone kwa macho yenu wenyewe."

Akatoka mlangoni. Kadhi Mundhiri hakungoja; akachukua fimbo yake akamfuata, na Junada akamfuata kadhi. Kisha baraza zima likainuka. Wafinyanzi wakaacha udongo wao, wanawake wakatoka na unga mikononi, na yule aliyeshuhudiwa kuwa amekufa akawa mbele akipiga takbira kuliko walio hai. Amiri aliwapigia kelele walinzi wa ngome wafunge lango. Walinzi wakautazama umati, wakamwona kadhi wa Sultani yuko mbele, wakaona humo mama zao na shemeji zao. Wakaweka mikuki chini.

Kulaibu akawapeleka hadi kwenye zizi la farasi, akafagia majani makavu kwa mikono yake, na chini yake pakawa na mlango. Wakaufungua. Akatoka Usaidi, amekonda, amejikinga macho kwa sababu ya jua, akauliza, "Mama yuko?" Rumaitha akamfunga kilemba chake kichwani mbele ya mji mzima, na hakuna aliyeweza kusikia alichomwambia kwa zile takbira.

Siku hiyo hiyo kadhi akahukumu kwamba chemchemi ni wakfu na itabaki wakfu. Sultani alipopata habari alimvua amiri cheo chake, akamwamuru arudishe alichokula. Lakini lililowashangaza watu zaidi lilitokea mlangoni pa mahakama. Wale mashahidi walirudi, mmoja baada ya mmoja, safari hii bila kuitwa, wakisema, "Ushahidi wangu ule ulikuwa uongo." Yatima akapata shamba lake. Yule jirani akaandikwa kuwa yu hai, akaalika watu karamu. Na Kulaibu, inasimuliwa kwamba alitubu toba ya kweli, akaishi akifagia njia ya kwenda chemchemini, asikubali kuitwa shahidi hata katika ndoa.

Ndugu zangu, dhalimu hudhani kwamba akiwanyamazisha waliopo amemaliza kazi, na sisi tukiona uovu umeenea hudhani kwamba mtu mmoja mkweli hafai kitu. Mji ule ulikuwa umeoza hadi milangoni, na mtu mmoja aliyebaki ndiye ambaye Mola alimfanya ufunguo wao. Tumuombe atufanye miongoni mwa wanaobaki.

Nimewatajia Ghaliya, na Junada, na Rumaitha, na Usaidi, na hata Kulaibu kwa baraka ya toba yake. Nilipomuuliza aliyenisimulia kisa hiki, "Na amiri, aliitwa nani?" alisema hajui. Na aliyemsimulia yeye, naye hakujua.