Watu Wanane Ubaoni

Assalamu alaikum. Kaeni, kaeni, msikimbilie viatu. Sheikh kasafiri, kaniachia dakika kumi baada ya Alasiri. Mimi madrasa sikufika mbali, lakini kwa mifano hamna mtu Tanga hii ananiweza. Sheikh mwenyewe anajua, ndo maana hanipi nafasi mara nyingi.

Leo nawapa habari ya mtupa mpira wa kriketi. Msicheke. Kriketi naijua, miaka kumi na tisa nimesukuma roli la kusawazishia kiwanja. Roli lile linataka watu wanne. Mimi nilisukuma peke yangu, mkono mmoja nimeshika kikombe cha chai, na haikumwagika. Mzee Shekue anatikisa kichwa. Tikisa tu, ulikuwepo?

Basi, zilikuwapo nchi mbili. Sizitaji, mtagawanyika humu ndani. Zinashindana kriketi tangu enzi za babu wa babu, mechi moja siku tano, watu wanahamia kiwanjani na masufuria. Wamekutana mara hamsini. Hawa wameshinda ishirini na nne, wale ishirini na nne, mbili sare. Sasa inakuja ya hamsini na moja. Mwezi ule hata harusi zilisogezwa mbele.

Upande mmoja ulikuwa na watupaji wawili wa kasi. Kule watupaji wanapokezana: huyu anatupa mara sita kutoka upande huu wa uwanja, halafu mwenzake anatupa sita kutoka upande ule. Mmoja ndo mkubwa. Akianza mbio zake kuja kutupa, kunguru wanahama minazi. Kuna mwaka aliwatoa wapigaji wanane kati ya kumi kwa zamu moja, jina lake likapakwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbi wao. Kila akipita pale anajifanya anafunga kamba ya kiatu, kumbe anajisoma.

Wa pili ni mdogo wake kwa miaka, na hata kushika mpira kamfundisha yeye.

Siku ya tano ikafika. Wale wanatafuta rani, yaani pointi zao, mia mbili washinde, hawa wanatafuta kuwatoa wote kumi. Mdogo akaanza kazi. Katoa mmoja, katoa wa pili, katoa wa tatu. Mpira wake unakuja umenyooka, ukikaribia unakata kona kama umeitwa na mama yake. Kufika saa ya chai wametoka wanane, na wote wanane ni wake. Mkubwa hana hata mmoja. Wamebaki wapigaji wawili na rani arobaini.

Hebu niambieni, moyo wa mkubwa ulikuwaje? Timu yake inashinda, si afurahi? Anapiga makofi, ndiyo, lakini viganja havigusani. Mwenzake keshamfikia. Akitoa mmoja tu tena, kampita.

Kwenye uzio palikuwa na mshabiki mmoja mwenye mdomo. Akamwita, akamwambia, "Kaka mkubwa, fundi rangi keshakuja na ngazi. Anauliza jina la mwenzio aliweke juu yako, au akufute kabisa apate nafasi."

Watu wakacheka. Yeye neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa tegeni masikio. Mpira wa kriketi ni wa ngozi. Timu nzima inasugua upande mmoja kwenye suruali ung'ae, upande wa pili unaachwa na mikwaruzo yake. Ndo unakata kona hewani. Na desturi yao, mpira ukirudi unapita mikononi mwa wenzio, huyu anausugua kidogo, yule kidogo, wa mwisho anamkabidhi mtupaji. Siku hiyo wa mwisho alikuwa nani? Mkubwa.

Kainama kama anayeokota mpira, kachota vumbi, kakandamiza dole gumba kwenye upande unaong'aa. Kasugua. Ukamrudia tena, kasugua tena. Mara ya tatu mng'ao umekwisha. Mwamuzi macho yake yako kwingine. Kamkabidhi mwenzake, na tabasamu juu.

Mpira ukaenda umenyooka kama reli. Mpigaji akaukung'uta, rani nne. Unaofuata, nne tena. Na mkubwa, ndugu zangu, nisiwafiche, alisikia raha kama mtu aliyekunywa dafu baada ya kufunga siku nzima. Nyinyi hamjawahi kuisikia raha ile? Kweli kabisa?

Mara sita za mwenzake zikaisha. Yule bwana akaja mpaka alipo mkubwa, jasho linamtiririka, akamwekea mpira mkononi.

"Mpira umeniasi, kaka," akamwambia. "Sijui nimekosea wapi. Maliza wewe."

Kampa mpira gani? Ule ule. Kriketi hawakupi mwingine mpaka huo uchakae, na siku ile kuchakaa bado sana. Jamaa aliuwazia mkono wa mwenzake tu. Hakukumbuka kwamba baada ya mara sita mkono unaofuata ni wa kwake.

Akausugua kwenye suruali mpaka suruali ikatoa moshi. Akautemea mate, akaupaka jasho la kisogo. Wapi. Akakimbia na mbio zake zile za kuhamisha kunguru, akatupa, ukaenda umenyooka. Nne. Wakapokezana hivyo, huyu anapigwa, yule anapigwa, rani zinayeyuka. Ya mwisho kapigwa nani? Yeye mwenyewe. Mpira uliruka kamba ya mpaka, ukaruka uzio, ukaruka na mji. Mimi nasema mpaka leo haujatua.

Ishirini na tano kwa ishirini na nne. Wale wameshinda.

Kwenye chumba cha kuvulia nguo mdogo akamfuata, akakaa chini karibu na miguu yake. "Nisamehe, kaka. Nimekuangusha mbele ya watu."

Mkosewa anaomba radhi. Wewe ungejibu nini? Yeye alijifunika taulo.

Na fundi rangi akafanya kazi yake. Kaandika jina la mdogo chini ya la mkubwa, wanane na wanane, sawasawa. Hakuna aliyempita. Alichokitaka kakipata. Ila pembeni ya hilo la pili wakamwambia fundi aongeze neno: tulifungwa.

Haya, sisi je? Jirani kafungua duka la mchele kama lako, unamnong'oneza mteja kwamba ule una mawe. Mteja kauogopa mchele wa mtaa mzima, kaenda kununua mjini, na wewe umekaa na magunia yako. Mtoto wa mwenzio kafaulu, unasema kaibia mtihani. Mwakani wako anafanya mtihani shule ile ile. Akifaulu, nani atamwamini? Husuda inakufanya uone mkono wa mwenzio peke yake. Wako huuoni, na zamu yako inakuja.

Kabla hujachukua viatu, yuko mtu humu ambaye roho inakuuma akisifiwa. Mwendee. Naanza mimi. Mwinjuma, muadhini wetu, simama. Tangu uanze kuadhini watu wanakusifu mpaka sokoni, na mimi nilikuwepo kabla yako. Spika ilipoharibika, mimi ndo nilimwambia fundi asiwe na haraka. Nikijua sauti yangu bila spika inafika Pangani.

Leo spika bado mbovu, na naona safu ya nyuma yote wamekinga mikono masikioni, hawajapata hata neno. Mwinjuma, nisamehe. Nyinyi wa mbele, geukeni muwasimulie wenzenu.