Kwa Nini Ndiga Hulazwa Mtoni Siku Tatu

Naona mmekunja nyuso kwa harufu ya tenga hili la ndiga. Na yupo mmoja hapo amekwisha uliza kwa nini tusiile leo leo, maana njaa inauma. Haya, kula basi, kesho tukuzike. Ndiga ni kiazi cha msituni, si muhogo, wajukuu zangu. Kaeni chini mnisikilize, niwaambie ilikuwaje hata kiazi alichokiumba Mungu kikawa sumu, kwa sababu yeye hakukiumba hivyo.

Zamani hizo ndiga ilikuwa tamu. Mtu aliichimba, akaipangusa udongo kwa kiganja na kuitafuna palepale, na maji yake yalikuwa meupe kama tui. Mtoto anayeota meno alipewa kipande akifyonze, akanyamaza. Hapakuwa na kuloweka wala kungoja.

Ndipo ndui ikaingia katika kijiji kimoja cha bondeni ikawafagia watu, wakubwa kwa wadogo. Katika wachache waliosalia walikuwamo Nnunduma na mkewe Somoe. Somoe alikuwa amezika watoto wawili mapacha ndani ya wiki moja, wote hawajajua hata kusimama. Nnunduma akapiga magoti kando ya yale makaburi, akaweka nadhiri. Kama Mungu angewavusha wao wawili, wangekwenda kuishi porini, wale cha bustani, cha msitu na cha mto, na katika kila watakachokula waache sehemu. Somoe alimsikia akaitikia amina. Wakati ule angeitikia lolote.

Wakahama, wakajenga karibu na mto. Walifyeka wakapanda mtama, kunde na maboga, na mstari wa mwisho wa mtama hawakuuvuna, waliwaachia ndege na wapita njia. Mtoni Nnunduma alitega migono aliyoisuka kwa fito, na kambare mwenye mayai alimrudisha majini. Somoe ndiye aliyekuwa mchimbaji. Aliingia msituni na muo, ule mti uliochongwa ncha, akafuata mtambaa wa ndiga mpaka kwenye shina. Alikata kiazi, akakiacha kichwa chake ardhini kipate kuchipua tena, kisha akafukia shimo. Kabla ya kuondoka alisema maneno waliyokubaliana na mumewe: "Tumekula chetu, cha nyuma kina mwenyewe."

Huyo mwenyewe hawakumjua. Ni aliyepungukiwa, aliyepotea njia, yeyote atakayekuja nyuma yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yao, na Mungu aliipokea. Bustani ilizaa, mto ukatoa, na mwaka wa pili Somoe akajifungua mtoto wa kike. Alimwita Sijaona, kwa kuwa alikuwa hajaona mwanawe yeyote akifikia kukimbia. Sijaona alikimbia. Alifika miaka minne akiwa na mdomo usiokwisha maswali, na mama yake alimjibu yote, hata ya kipuuzi.

Kisha mvua ikakata. Mwaka wa kwanza wakasema itarudi. Mwaka wa pili mtama ulikauka ukiwa wa magotini, kunde zikaliwa na nzige, na mto ukanywea ukabaki uzi wa maji kati ya mawe. Nnunduma akabeba migono yake akashuka mbali kutafuta madimbwi yenye samaki. Alimwambia mkewe asisahau kuacha vichwa, kwa maana nadhiri haiwekwi kwa ajili ya siku za shibe. Maneno mazuri hayo. Ila aliyebaki na mtoto mwenye njaa hakuwa yeye.

Siku mbili Somoe alichimba kama alivyozoea. Siku ya tatu alimnyanyua Sijaona akamwona mwepesi, akakumbuka uzito wa wale wawili alipokuwa akiwashusha kaburini. Akarudi msituni na muo wake, akafukua mashimo yote aliyowahi kuyafukia, akang'oa vichwa vyote, hata vile vilivyokuwa vimeanza kutoa chipukizi. Hakufukia hata shimo moja. Maneno yale hakuyasema pia, angeyasemaje? Tenga lilijaa, akalificha uvunguni mwa kitanda. Mimi simtetei, lakini wala simcheki. Aliyezika wawili haoni mambo kama unavyoyaona wewe uliyeshiba.

Siku hiyohiyo, jua likiwa utosini, mwanamke mmoja akabisha hodi. Aliitwa Nalinga. Mgongoni alikuwa na mtoto mdogo anayeanza kuota meno, na mkononi amemshika mvulana wa rika la Sijaona, ambaye alitembea amefumba macho. Alisema kwao kumekufa kila kitu, ametembea siku tano, na haombi kwa ajili yake mwenyewe. Anaomba ndiga moja tu ampe yule mkubwa, maana yule mdogo bado ananyonya kidogo.

Somoe alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake. Moyo wake ulimwambia ndiga moja ni siku moja ya Sijaona, na leo akitoa moja kesho ataombwa ya pili.

"Hakuna hata moja," alisema. "Mungu ni shahidi yangu."

Wakati huohuo Sijaona alichungulia nyuma ya mama yake, midomo ina maji meupe ya ndiga. Nalinga aliona. Aliomba maji, akapewa maji, akamshika mwanawe mkono wakaenda zao.

Walifika penye yale mashimo. Nalinga aliyajua, kwa kuwa kwao pia watu walichimba. Akapiga magoti, akapapasa kwa vidole shimo moja baada ya jingine akitafuta vichwa. Hakupata kitu. Alipogeuka, mvulana alikuwa amelala ubavu, na hakuamka tena. Nalinga hakuwa na nguvu ya kuchimba kaburi, wala hakuwa na maji ya kumwosha wala kitambaa cha kumfunika. Alimlaza katika shimo la ndiga, kwa kuwa lilikuwa wazi, akamsukumizia udongo kwa mikono. Kisha akaketi papo hapo na yule mdogo kifuani, hakuna mtu wa kumpa pole.

Alasiri Somoe alimkatia Sijaona kipande. Mtoto akatafuna, akaacha. Alisema mdomo wake umelala. Somoe akadhani ni deko, akambembeleza amalize. Haikupita muda mtoto akaanza kutapika, miguu ikalegea, akawa hawezi kukaa. Somoe akaonja kile kipande mwenyewe. Kilikuwa kichungu kuliko nyongo, na ulimi wake ukafa ganzi. Akaonja cha pili, na cha tatu. Tenga zima lilikuwa hivyo.

Asubuhi Nnunduma alirudi na kambare mmoja, akipitia njia ya msituni. Alimkuta Nalinga penye shimo, akaambiwa yote. Akampa yule kambare. Alipofika nyumbani na kumwona mtoto amelazwa, hakupandisha sauti. "Mwenyewe alikuja, Somoe," alisema. "Ukamfukuza."

Somoe akajitwika tenga akaenda kwa Nalinga. Alilitua mbele yake, akasema ndiga zimegeuka chungu na Sijaona hajiwezi.

Nalinga alimtazama, akatazama tenga. "Mwanangu hakuoshwa," alisema. "Hakukaliwa matanga. Hicho ndicho mnachokila."

Somoe akauliza jina la mtoto. Aliitwa Chitanda. Hawakuweza kumfukua, marehemu hasumbuliwi. Basi Somoe alishuka mtoni na zile ndiga zilizotoka katika udongo uleule alimolazwa mtoto. Alizimenya akazikata vipande, akazilaza katika ule uzi wa maji, akaziosha moja moja taratibu, jinsi tunavyomwosha maiti. Kisha akafumua nywele, akaketi chini, akamlilia Chitanda kwa jina lake, mtoto ambaye hakumzaa. Baadaye kidogo Nalinga alikuja akaketi ng'ambo ya pili.

Siku ya kwanza maji yalitoka povu jeupe, na dagaa wa mtoni wakaelea matumbo juu. Siku ya pili maji yaligeuka manjano. Somoe alijua mwanawe yuko nyumbani na baba yake, hali mbaya, na kila kiungo chake kilitaka kukimbia kwenda kumshika. Hakuinuka. Alikuwa amemwambia Mungu kuwa matanga haya atayakaa mpaka mwisho, akaogopa kuvunja ahadi ya pili. Alikosea au alipatia? Nimezeeka na bado sijui.

Siku ya tatu maji yakawa maangavu, dagaa wakarudi wakacheza kati ya vipande. Na Nnunduma akashuka njiani, jembe begani, miguu ina udongo mbichi hadi magotini. Mikononi hakuwa na mtoto. Somoe alimtazama mpaka akafika. Aliuona ule udongo, akajua Sijaona amekwisha zikwa.

Wakawasha moto hapohapo ukingoni, wakazichemsha zile ndiga. Somoe alionja kwanza peke yake, akangoja hadi kivuli cha jiwe kikasogea, kwa maana kama ni kufa afe yeye. Ulimi haukufa ganzi. Ndipo akakata kipande, akakipuliza kipoe, akamnyooshea yule mdogo wa Nalinga. Mtoto alikula, akafungua mdomo kutaka tena. Somoe akakata kingine, huku machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Na tangu siku hiyo ndiga ni chungu, na anayeichimba huacha kichwa chake ardhini na kufukia shimo, hata akiwa na haraka, hata mvua inyeshe. Akifika nyumbani hula kingine au hulala njaa, kwa kuwa ndiga yake iko mtoni inaoshwa, na matanga ni siku tatu. Siku ya tatu aliyeiloweka huionja mwenyewe, akangoja. Kisha humlisha mtoto wa mwenzake. Wa kwake hula baada ya hapo, ikiwa yupo.