Digidigi na Uvimbe wa Safari

Msafiri wa pekeye, miguu yamlemea,
Hakuna amwambiaye: "Pole, mbali watokea."

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla wanyama hawajasahau kuwasha moto na kutandika mikeka, kiangazi kiliingia nchini kikakataa kutoka. Mito ikakauka, ukabaki mchanga. Nyasi zikageuka vumbi. Wanyama wakafunga virago vyao, wakaanza kuutafuta Mto Mkuu, uliosemekana kuwa ng'ambo ya vilima.

Katika msafara mmoja walikuwamo wakubwa watatu. Mbele alitangulia Mzee Tembo, amejitwika mkeka mgongoni: ndi! ndi! ndi! Akafuata Bi Kiboko, chungu kichwani, akiguna kila hatua: uh! uh! uh! Wa tatu alikuwa Bwana Kifaru, amechomeka kuni kwenye pembe yake. Huyo haoni mbali. Alifuata harufu ya wenzake.

Na nyuma kabisa, ndani ya vumbi lao, alikuwako Digidigi, paa mdogo kuliko paa wote, mwenye miguu myembamba kama vijiti vya mswaki. Shingoni amening'iniza kifuko cha chumvi. Tiki-tiki-tiki-tiki! Hatua moja ya Mzee Tembo, kwa Digidigi ilikuwa mbio nzima.

Msafara ule ulikuwa na sheria moja tu: anayeanguka haokotwi.

Digidigi aliijua sheria hiyo kuliko wote. Kiangazi kilichotangulia alisafiri na mkewe nyuma ya wakubwa hawahawa. Kila walipotua, mkewe alichemsha maji, akatia chumvi, akamkanda miguu, akisema, "Pole, mume wangu, mbali watokea."

Naye alijibu, "Nimekwisha kupoa." Kisha akamkanda mwenzake.

Siku moja mke akakaa chini njiani. "Tangulieni," alisema, "nitawafikia." Digidigi akakimbia mbele kuwaomba wakubwa wasimame. Hawakusimama. Aliporudi, alikuta nyayo za mbwa mwitu na kifuko cha chumvi.

Tangu siku ile hakuna aliyemwambia pole.

Basi, adhuhuri moja ya jua kali, msafara ulifika penye jabali lililosimama peke yake uwandani. Chini yake palikuwa na kivuli.

"Tutue!" alinguruma Mzee Tembo. "Tutapumzika hapa mpaka kivuli cha jabali kifike kwenye kichuguu kile. Kisha twende, tuufikie mto kabla jua halijazama. Digidigi!"

"Labeka, Mzee."

"Chemsha maji, utukande miguu. Ukimaliza, panda juu ya jiwe usimame zamu. Mbwa mwitu wanatufuata."

Digidigi alizitazama kwato zake. Magoti yalikuwa yakitetemeka yenyewe, tete-tete-tete, kama majani ya mtama.

"Mzee Tembo," alisema kwa adabu, "jana nilisimama mimi. Juzi nilisimama mimi. Leo na mimi miguu yaniuma. Mmoja wenu anishikie zamu, nilale kidogo tu."

"Miguu ipi?" aliuliza Bi Kiboko. "Hiyo? Na mimi nilidhani ni kuni zimemdondoka Bwana Kifaru!"

"Usinitajie kuni," alisema Kifaru, "nitaiokota niichomeke kwenye pembe!"

Kha-kha-kha! Wakacheka mpaka jabali likarudisha mwangwi.

"Mdogo wangu," alisema Mzee Tembo akijifuta machozi kwa mkonga, "mguu wako unabeba nini? Ngozi na masikio. Sisi tunabeba vilima. Mwenye mzigo ndiye huchoka."

Digidigi akageuka, akatazama walikotoka. Kule mwisho wa uwanda, kivumbi chembamba kilikuwa kikitembea. Akajua: nikisimama leo, jioni nitaanguka. Nikianguka, siokotwi.

Aliwasha kuni, akateleka chungu, akafungua kifuko. Maji yalipotokota, bwata-bwata-bwata, akachovya kitambaa, akaenda kwa Mzee Tembo, akaugusa mguu wa mbele.

Akauacha ghafla.

"Lo!" alisema.

"Lo nini?"

"Hapana, Mzee. Si kitu." Akaugusa tena, akabonyeza, akatega sikio. "Lo! Lo! Masikini!"

"Digidigi, usinitie hofu! Kuna nini mguuni mwangu?"

"Mzee, tumetembea njia moja, wewe na mimi?"

"Njia moja."

"Jua moja, vumbi moja?"

"Ndivyo."

"Basi utazame mguu wangu. Umebaki vilevile. Sasa utazame wako." Digidigi akashusha sauti. "Umekuwa kinu."

Mzee Tembo akainamisha kichwa, akautazama mguu wake. Akautazama wa Digidigi. Akautazama tena wake, kana kwamba ameuona leo.

"Huu ni uvimbe wa safari," alisema Digidigi. "Umekomaa."

"Upuuzi!" alifoka Bi Kiboko. "Mimi miguu yangu ni hivi tangu kuzaliwa!"

"Bi Kiboko, dada yangu, ungezaliwa na miguu hiyo, mama yako angeponea wapi?"

Bi Kiboko akaiinamia miguu yake, akaikagua mmoja mmoja.

"Na mimi je?" aliuliza Kifaru kwa wasiwasi. "Wangu siuoni vizuri. Niambie wewe."

"Bwana Kifaru, ningekuwa wewe, nisingetamani kuuona."

"Maskini mimi! Basi nilale, nilale upesi, unikande!"

"Ulale?" Digidigi akaruka nyuma. "Ulale! Nani amekwambia ulale? Maji hufuata mkondo, na uvimbe nao ni maji. Ukisimama wima, unateremka, unaingia ardhini. Ukilala, umeufungulia njia: utapanda gotini, kutoka gotini uje tumboni, kutoka tumboni..." Akajigusa kifua.

Wakubwa wakatazamana.

"Mimi siamini," alisema Mzee Tembo, lakini hakukaa.

"Si lazima uniamini mimi, Mzee. Babu yako, Mungu amrehemu, alikufa amesimama au amelala?"

Mzee Tembo akafikiri. "Amelala."

"Bi Kiboko, bibi yako?"

"Alilala siku mbili," alisema Bi Kiboko polepole, "ya tatu hakuamka."

"Na baba yako, Bwana Kifaru?"

"Alikuwa amelala!" alilia Kifaru. "Wallahi alikuwa amelala chali! Basi kulala ndiko kunakoua!"

"Mimi sijasema," alijibu Digidigi. "Mmesema wenyewe."

Hapo dawa ikatafutwa kwa haraka. Digidigi aliwakanda kila mmoja kwa maji ya chumvi, akawapanga kulizunguka jabali: Mzee Tembo kaskazini, Bi Kiboko mashariki, Bwana Kifaru kusini; magharibi jabali lenyewe lilikuwa ukuta.

"Kunjueni magoti. Hivyo! Msikae, msiegemee, msisinzie. Na msitazamane, maana uvimbe huambukizwa kwa macho. Kila mtu atazame mbele yake, mbali, bila kupepesa. Kivuli kikifika kwenye kichuguu, mtakuwa mmepona."

"Na wewe unakwenda wapi?" aliuliza Bi Kiboko bila kugeuka.

"Kulala."

"Kulala! Kulala si kunaua?"

"Dada, mimi sina nyama ya kuvimba. Mfupa hulazwa, nyama husimamishwa. Ndivyo uganga ulivyo."

Digidigi akautandika mkeka wa Mzee Tembo kivulini. Maji yaliyobaki chunguni akajikandia mwenyewe. Mbele alijiweza. Nyuma, mahali palipouma zaidi, hakufika. Alijipinda huku, akajipinda kule, akaacha. Akakiweka kifuko cha chumvi chini ya kwato zake za nyuma ili miguu iinuke, kama mkewe alivyokuwa akimfanyia, akanyoosha mwili.

Mkeka ulikuwa mpana. Alijilaza upande mmoja, upande wa pili akauacha wazi. Ilikuwa desturi yake.

Kitambo kikapita. Jua likawachoma wakubwa visogoni. Magoti yao yakaanza kuimba.

"Digidigi," aliita Bi Kiboko.

"Naam, dada."

"Uganga huu umefundishwa na nani?"

"Mke wangu. Alikuwa na kwato nyepesi."

"Yuko wapi siku hizi?"

Upepo ukapita juu ya jabali.

"Alisema atatufikia," alijibu Digidigi.

Bi Kiboko akaacha kuguna.

Punde si punde, heh! heh! heh! Mbwa mwitu wakatokeza uwandani, ndimi nje, masikio juu. Kiongozi wao akazunguka jabali kwa mbali. Kaskazini akakutana na mkonga. Mashariki akakutana na meno. Kusini akakutana na pembe. Na macho yote hayapepesi.

"Hawa leo hawalali?" aliuliza.

"Hawalali," alijibu mwenziwe.

"Na yule mdogo anayesimamaga zamu?"

"Kalala mkekani kama sultani."

Kiongozi akakuna sikio. "Basi hapa pana jambo ambalo silielewi, na mimi sili nisichokielewa. Twendeni zetu."

Wakaondoka, mmoja nyuma ya mwingine.

Kivuli kilipofika kwenye kichuguu, Digidigi aliamka. Alisimama, akajaribu goti moja, akajaribu la pili. Kimya. Hayatetemeki. Miguu ilikuwa miepesi kama aliyoazimwa.

"Mmepona!" alitangaza. "Tuondoke!"

Ah, wanangu, mngaliuona mwendo ule! Mbele sasa alitangulia Digidigi: tiki-tiki, tiki-tiki, mkia juu. Nyuma yake, Mzee Tembo alijikokota: ndi... ndi... Bi Kiboko aliburura chungu badala ya kukitwika. Kifaru alimwaga kuni njia nzima, asijue.

"Digidigi," alisema Mzee Tembo akihema, "huo uvimbe umeshuka kweli?"

"Umeshuka, Mzee."

"Mbona mguu ni uleule?"

"Mguu umepona, Mzee. Sasa yamevimba macho."

Mzee Tembo akataka kukasirika, lakini hasira nayo huhitaji miguu. Akatembea.

Wakavipanda vilima, wakaviteremka. Na jua lilipokuwa limebakiza upana wa kidole, waliuona Mto Mkuu, mpana, umetulia, una nyasi za kijani kingo zote mbili.

Puu! Mzee Tembo akaanguka mchangani, hata maji hakuyagusa. Puu! Kifaru akaanguka juu ya mkonga wake, na mwenye mkonga hakuhisi. Hakuna aliyekumbuka kutandika mkeka. Hakuna aliyekumbuka zamu. Khoo! Khoo! Kingo zikatetemeka kwa mikoromo.

Bi Kiboko alibaki wa mwisho. Alilala nusu majini, nusu nchi kavu, jicho moja bado li wazi kidogo. Alimwona Digidigi ukingoni.

"Digidigi," alisema kwa sauti nzito ya usingizi.

"Naam, dada."

"Nilikuwa nikifikiri pale jabalini. Mkeo... na wewe... Digidigi, po..."

Digidigi akasogea. Akatega masikio yote mawili.

"Po nini, dada?"

Khoo!

Alingoja. Akangoja tena, huenda neno likamalizikia ndotoni. Halikumalizikia.

Digidigi akautazama mto, akaitazama ile miili mitatu mikubwa iliyoanguka. Anayeanguka haokotwi. Njia ilikuwa wazi, miguu yake ilikuwa mizima, angeweza kwenda popote. Lakini kwenda popote, kwenda kwa nani? Na kule vilimani, mbali, kivumbi chembamba kilikuwa kimeanza tena kutembea.

Akapanda juu ya jiwe, akapiga mbinja kwa pua, kama digidigi wanavyoitana: dzik! dzik!

Akanyamaza kidogo, kwa mazoea, kuacha nafasi ya jibu.

Maji yalipita. Digidigi akainamisha kichwa, akaziambia kwato zake taratibu, "Poleni, mbali mwatokea." Kisha akainua kichwa, akatazama mbele yake, mbali, bila kupepesa.

Akili humwokoa mnyonge, wanangu, lakini akili haikandi miguu.

Mzee Tembo alilala. Bwana Kifaru alilala. Bi Kiboko alilala. Aliyebaki amesimama ni Digidigi.