Nkwimba Aliyecheza Hewani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Penye miguu ya kucheza na mikono ya kupiga makofi!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, mawingu yalipokuwa yakilala juu ya mapaa ya nyumba na watu wakiyapita kwa kuinama, palikuwa na msichana jina lake Nkwimba. Alikuwa mcheza ngoma. Alipocheza, kuku waliacha kudonoa, na wazee walisahau ugoro vidoleni.

Ngoma yake ilipigwa na Chura wa bwawani, aliyemfundisha hatua tangu akiwa mtoto. Njuga za miguuni alishonewa na jirani yao, Bibi Holo, aliyezishona moja moja kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa mabovu. Na nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, Milembe. Wazazi wao walikuwa wamekwisha fariki. Kila asubuhi dada mtu alimwambia, "Wewe nenda kacheze, mdogo wangu. Hapa nitamalizia." Nkwimba akaenda, wala hakuuliza anamalizia nini.

Siku moja Kisulisuli, upepo ule unaozunguka, akapita bwawani akamwona.

"Binti, nani kakufundisha hatua hizi?"

"Hakuna. Miguu ni yangu."

Mara visigino vyake vikawa vyepesi. Chura alisikia. Akaendelea kupiga ngoma.

Siku ya pili Kisulisuli akarudi. "Binti, nani kakupa njuga hizi?"

"Hakuna. Mlio ni wangu."

Mara magoti yake yakawa mepesi.

Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya mavuno. Jua la alasiri lilikuwa la rangi ya asali, uwanja umejaa, na Nkwimba yuko katikati. Kisulisuli akamnong'oneza sikioni, "Binti, nani anakupa nafasi ya kucheza mchana kutwa?"

"Hakuna. Siku ni zangu."

"Basi kama huna wako huku chini," Kisulisuli akasema, "wewe ni wangu."

Akamwinua. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni hatua mpya. Akapita kimo cha ghala, wakapiga vigelegele. Akapita kimo cha miti, wakanyamaza. Akapita kimo cha vilima, mama mmoja akaanza kulia.

Huko juu palikuwa pazuri, wanangu. Mawingu yalikuwa laini kama pamba, na mwanga ulitoka pande zote. Nkwimba alicheza bila kuchoka. Lakini alipopiga mguu, hakusikia kishindo. Njuga zilitikisika, hazikulia. Akautazama mkono wake, akaona wingu kwa upande wa pili, kama mtu atazamaye ndani ya maji.

Korongo akapita, akapunguza mabawa.

"Mwanangu, unayeyuka!"

"Nifanye nini, baba?"

"Aliye na watu wake hushuka kwao. Taja wako, lakini taja kwa moyo."

Nkwimba akaimba:

"Chura wa bwawani, hatua ni zako,
uliponipigia nilikuwa sijui kitu,
asante, Chura, nishushe!"

Chini kabisa ikasikika ngoma ya Chura: ndu! Nkwimba akashuka mpaka kimo cha vilima. Kisulisuli akamvuta nywele.

Akaimba tena:

"Bibi Holo jirani, mlio ni wako,
sindano ilikuchoma, hukunambia,
asante, bibi, nishushe!"

Njuga zikalia zote kwa pamoja. Akashuka mpaka kimo cha miti. Akakwama. Kisulisuli akacheka. "Wamekwisha! Wawili tu, nao hawatoshi."

Nkwimba akatazama chini. Akaona mashamba mawili yaliyopakana, lake na la dada yake, yote yamepaliliwa, yote yamevunwa. Yeye hakuwa ameshika jembe tangu mvua za kwanza. Halafu akamwona mtu akikimbia chini yake, miguu mitupu juu ya mabua makavu na miiba, damu kwenye vifundo, akiita mpaka sauti imekauka, "Nkwimba! Nkwimba wee!"

Alikuwa Milembe. Alikuwa akikimbia tangu uwanjani.

Safari hii Nkwimba hakuweza kuimba. Alilia tu. "Dada! Siku zangu zote umenipa wewe, na mimi sikuona. Asante, dada. Nishushe!"

Akaanguka kama gunia juu ya dada yake. Wote wawili wakabingirika mavumbini, na Kisulisuli akaenda zake akipuliza makapi.

"Umekonda," Milembe akasema.

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia. Miti nayo imesikia. Haya, inuka, kwanza unitoe miiba miguuni."

Nkwimba akakaa chini, akaweka miguu ya dada yake mapajani mwake, akaitoa miiba mmoja mmoja mpaka jua likazama. Na kesho yake akaenda shambani. Matuta yake yalikuwa yamepinda kama nyoka. Milembe alicheka mpaka akaegemea mpini.

Sikukuu ya mavuno iliyofuata, Nkwimba aliingia uwanjani asicheze kwanza. Akamtaja Bibi Holo, bibi akajifuta macho. Akamtaja Chura, Chura akasema hakusikia vizuri, atajwe tena. Kisha akamwendea Milembe, akamshika mkono, akamvuta katikati.

"Mimi sijui kucheza!" Milembe akasema.

"Wewe cheza, dada yangu. Leo nakupigia makofi mimi."

Milembe akacheza. Alicheza vibaya, wanangu, alikanyaga kama mtu akandaye udongo wa ukuta. Na Nkwimba akampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto, na hakuacha.

Hadithi yangu imeishia hapo, naitua chini kama mzigo. Na nyinyi mliochanja kuni za moto huu, ni nani? Nitajieni majina, niwashukuru.