Chumvi ya Tembo na Nyumba za Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kupigiana hodi kama sisi, palikuwa na mjane mmoja, Bi Pimbi. Alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Shani. Na huyo Shani, maskini, alikuwa na kifua. Akikohoa, kho! kho! kho!, mama yake huacha kazi yoyote aliyoshika, akasikiliza mpaka mtoto anyamaze.

Mwaka uliopita mvua iliwaingilia chumbani, wakalala juu ya maji siku tatu. Mganga Bundi alimtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Bi Pimbi, huyu akilowa tena masika yajayo, usiniite. Nitakuja kufanya nini? Mtafutie mahali pakavu."

Sasa masika yalikuwa yamebakiza siku tisa. Bi Pimbi akajifunga kibwebwe, akamwacha Shani kwa shangazi yake, akaenda kwa Fisi, dalali wa nyumba.

"Nyumba?" Fisi akachekelea. "Hapo umefika, mama! Sema unataka mji gani. Miji yote naijua mimi."

Akampeleka kwanza kwenye mji wa nyumbu. Loo! Nyumba kubwa, uwanja mpana, upepo mwanana. Lakini milango yote ilikuwa imefungwa.

"Majirani wako wapi?" akauliza Bi Pimbi.

"Wamefuata majani. Watarudi."

"Lini?"

"Majani yakirudi."

Bi Pimbi akawaza: mtoto akizidiwa, nitampigia nani ukelele? Akasema, "Twende mbele."

Wakafika mji wa nyani. Huko majirani walikuwa tele, mpaka juu ya paa. Pu! Ganda la ndizi likamwangukia begani. Pu! La pili. Alipoinama kujipangusa, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa tayari kimevaliwa na mtu mwingine.

"Twende mbele," akasema.

"Ah! Mama wee, unachagua nyumba kama anayechagua mke!"

"Anayeoa akikosea huacha, bwana Fisi. Mimi nikikosea nazika."

Fisi akaongoza njia bila mzaha tena. Hata yeye ana watoto.

Mji wa tatu ulikuwa Bondeni, kwa Mzee Kiboko. Hapo moyo wa Bi Pimbi ulitua. Vyumba vimejipanga safi, kisima karibu, chuo cha watoto hatua chache, na majirani wanasalimiana kwa majina. Alitamani sana kukaa hapo, nami simlaumu.

"Karibu, mama," Mzee Kiboko akasema kwa sauti nzito. "Chumba hiki hapa. Pakavu! Tangu nijenge, halijaingia tone."

"Kweli, Mzee?"

"Naapa kwa meno yangu haya!" Akapanua kinywa, aaah! Kwa kweli yalikuwa meno makubwa.

Bi Pimbi akatazama kuta. Chokaa ilikuwa mpya, lakini chini tu, mpaka usawa wa kichwa chake. Juu ilikuwa ya zamani.

"Tuliishiwa chokaa," akasema Kiboko upesi.

Bi Pimbi akaomba maji ya kunywa kwa jirani, Mama Kanga. Alipoingia, akaona kitanda kimesimama juu ya matofali, matatu kila mguu. Mfuko wa unga ulikuwa umefungwa darini.

"Mwenzangu, mbona unga unaning'inia?"

Mama Kanga akatupa jicho mlangoni. Tumbo la Mzee Kiboko lilikuwa limeziba mlango.

"Ni... panya."

"Na kitanda je? Panya nao?"

"Kunywa maji, dada," Mama Kanga akanong'ona. "Mimi mpangaji tu, na nina mayai nayaatamia."

Bi Pimbi akanywa maji, akashukuru. Hakumkasirikia. Mwenye mayai chini yake hawezi kugombana na mwenye nyumba.

Alipotoka, akaona nyuma ya vyumba kilima cha mawe, na juu yake kijumba kidogo chenye kufuli.

"Na kile, Mzee?"

"Kile si cha kupangisha. Ghala langu."

Bi Pimbi akarudi nyumbani akiwaza njia nzima. Nikibishana naye ataapa tena, na kiapo cha mdomo hakimtoi jasho. Huyu lazima aseme kweli bila kujua kwamba anaisema. Shani alikuwa amelala, kifua kikivuma kama nyuki chunguni. Mama yake akakaa kando yake, akalia kidogo, kisha akafuta machozi akaanza kushona magunia.

Siku mbili baadaye akatokea Bondeni na gari la kukokota, magunia matatu juu yake, Shani nyuma akisukuma, na Fisi dalali akitangulia njia. "Hee! Haa! Hee! Haa!" Jasho, pumzi juu juu.

"Mzee Kiboko, nakichukua chumba! Lakini naleta na amana ya watu. Hii ni chumvi ya kulamba ya Tembo. Kaniambia nimtunzie mpaka masika yaishe."

"Ya Tembo yupi?"

"Yule mkubwa."

Mzee Kiboko akameza mate, glup! "Na... ikilowa?"

"Kasema hatamdai mtu chochote. Atakuja tu aikalie nyumba ya aliyeapa kwamba ni kavu. Nikamwambia usijali, baba, Mzee Kiboko ameapa kwa meno. Haya, bwana Fisi, nisaidie kushusha. Tuyapange hapa chini ukutani."

"Ngoja!" Kiboko akaruka mpaka ardhi ikatikisika. "Usiweke hapo!"

"Kwa nini, Mzee? Si haliingii tone?"

"Haliingii! Ila... chumvi ina mambo yake. Chumvi haistahimili. Weka... weka kule juu. Ghalani."

"Nikuamini vipi? Juzi chini ni kukavu, leo juu. Hapana, nitampelekea Tembo chumvi yake, nimweleze yaliyotokea."

"Mama Shani, usifike huko!"

Sasa, Bondeni palikuwa na desturi. Ufunguo haupewi mtu kichochoroni. Huitwa majirani, mwenye nyumba akatamka mbele yao, "Nimempa." Akishatamka, haunyang'anyi mpaka mwaka ugeuke.

Kiboko akapiga kelele mwenyewe, akawaita wote. "Sikilizeni! Ufunguo wa ghala la juu, nimempa Bi Pimbi! Kule ni kukavu kama mfupa. Mimi mwenyewe kila masika huhamishia unga wangu huko!"

Majirani wakatazamana. Kila masika?

Bi Pimbi akapokea ufunguo kwa mikono miwili. Akapanda kilimani na Shani na magunia yake, akafungua, akashika ukuta kwa kiganja. Mkavu kweli. Akakata uzi wa gunia la kwanza, la pili, la tatu. Fwaa! Zikamwagika nyasi kavu, laini, za kutandikia. Akazitandaza pembeni, akamlaza Shani.

"Chumvi iko wapi?" akanguruma Kiboko kutoka chini.

Bi Pimbi akatoka mlangoni. 

"Hakuna chumvi, Mzee. Yupo mwanangu. Chumvi ya Tembo uliionea huruma isilale bondeni. Huyu ulikuwa tayari alale."

"Umenidanganya! Lete ufunguo!"

Kisha Mama Kanga akapiga hatua moja mbele, manyoya yamemsimama.

"Umetamka, Mzee. Tumesikia sote."

"Tumesikia!" wakaitikia wengine. Fisi naye akacheka mpaka akakaa chini, halafu akakumbuka ni yeye aliyemleta mpangaji, akaondoka kwa kunyata.

Masika yakaja, chaa! chaa! chaa! Maji yakaingia Bondeni mpaka tofali la tatu. Mama Kanga akapanda kilimani na mayai yake kikapuni, akafunguliwa kabla hajapiga hodi. Shani alikohoa kidogo mwezi ule, na mwezi uliofuata hakukohoa. Ndiyo maana mpaka leo pimbi hukaa juu ya miamba, na ukimwambia ashuke bondeni, anakutazama tu.

Yangu ni hayo, wanangu: ukitaka kuijua nyumba ya mtu, usimuulize atakulaza wapi wewe, muulize anaficha wapi mali yake mvua ikinyesha.