Mashavu na Zimwi la Kitabuni

Pa! Usiku huo kitabu cha picha kilijifunga chenyewe. Ilikuwaje? Sikilizeni, wanangu, midomo ipumzike.

Bibi alikuwa akiwasomea wajukuu wawili, Mashavu na mdogo wake. Zimwi lililochorwa humo lilikuwa limeonya, "Msomaji akikatizwa, anachotaka kukitaja nakimeza."

Bibi alitaka kutaja mbuzi. Mashavu akadakia, mbuzi akatoweka uani. Alitaka kutaja jogoo. Mashavu akadakia, jogoo akatoweka. Alitaka kumwita mjukuu mdogo; Mashavu akadakia, "Na mimi je, Bibi?" Mkeka ukabaki mtupu, mtoto akawa picha, kitabu kikajifunga.

"Bibi mwenyewe akilimaliza jina la mtoto, nitamtapika," zimwi likasema.

Kila jioni Bibi alilitafuta jina alilonyang'anywa. Kila jioni Mashavu alilia katikati, "Nisamehe, Bibi, kosa ni langu." Jina likazama tena.

"Hata toba yako inadakia," zimwi likacheka.

Mwishowe Mashavu akauma upindo wa kanga. Maneno ya kuomba radhi yalimjaa mdomoni, machozi yakamtiririka, lakini akanyamaza. Bibi alikohoa, akasita, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Makame," akasema.